Saa Sita za Kwanza za Ndama

Mazungumzo kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, Eldoret, Kaunti ya Uasin Gishu



Kuanzia Moiben na Soy hadi Kesses na Ainabkoi, kisa hiki kinajulikana. Ng'ombe anazaa saa tatu usiku, mwezi wa Julai, mvua ikinyesha. Ndama ni jike, mzima, na haipiti saa moja kabla hajasimama. Mwenye boma anashukuru Mungu, anamfuta ndama kwa gunia, anafunga mlango na kwenda kulala. Saa kumi na mbili asubuhi anarudi kukamua. Ndama anapewa maziwa kidogo kwa chupa, na mengine yanangojwa mpaka jioni. Siku ya pili usiku ndama anaanza kuharisha maji ya manjano. Siku ya tatu asubuhi macho yamezama na hawezi kuinuka. Dawa inanunuliwa mbio, sindano inapigwa, na kabla jua halijatua ndama amekufa.

Jirani mmoja atasema ni baridi. Mwingine atasema ni maziwa mengi. Lakini mara nyingi ndama wa namna hii hakushindwa siku ya tatu. Alishindwa usiku ule wa kwanza, wakati kila mtu amelala. Mazungumzo haya yanaeleza kilichotokea ndani ya tumbo lake, na kwa nini saa sita za mwanzo zina nguvu kuliko sindano yoyote ya baadaye.

Jambo hili si dogo. Ndama jike anayekufa leo ni ng'ombe ambaye hatakamuliwa baada ya miaka miwili na nusu au mitatu ijayo. Mama yake alibebeshwa mimba, akalishwa miezi tisa, na gharama yote hiyo imezikwa shimoni. Kwa boma lenye ng'ombe wawili au watatu, ndama mmoja ndiye karo ya shule ya miaka ijayo.

Bakteria anayepita na bakteria anayeshika

Bakteria anayehusika hapa anaitwa E. koli. Daktari wa watoto kutoka Ujerumani, Theodor Escherich, alimweleza mwaka 1885 alipokuwa akichunguza vinyesi vya watoto wachanga, na bakteria akapewa jina lake. E. koli wengi hawana ubaya wowote. Wanaishi ndani ya utumbo wa watu, ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, wanakula mabaki na kutoka na kinyesi.

Kwa nini basi wengine waue? Jibu la kwanza ni kwamba wanajua kushika. Utumbo mwembamba wa ndama ni kama mfereji wa maji yanayokwenda mbio. Maziwa yanapita, ute unapita, na utumbo wenyewe unajikamua kusukuma kila kitu mbele. Bakteria asiye na pa kushika huchukuliwa na mkondo huo na kutoka nje kabla hajazaana vya kutosha. Anayeweza kujibandika ukutani hubaki, hugawanyika, na baada ya saa chache wapo mamilioni.

Aina ya E. koli inayosumbua ndama wachanga ina vinyweleo vyembamba sana vya protini vinavyouzunguka mwili wake. Vinyweleo hivyo haviwezi kuonekana hata kwa darubini ya kawaida ya maabara. Wataalamu huviita fimbria. Ile ya ndama inajulikana kwa jina F5, na vitabu vya zamani huiita K99.

Mfano wa kishona nguo

Kila mtu aliyepita shambani baada ya mavuno ya mahindi anajua kishona nguo, ile mbegu nyeusi yenye ncha zinazonasa. Mtu akivuka shamba amevaa sweta ya sufu, anafika nyumbani sweta imejaa mbegu. Akivuka shamba lilelile amevaa koti la mvua la plastiki na buti za mpira, hafiki na mbegu hata moja. Mbegu ni zilezile na ncha zake ni zilezile. Tofauti iko kwenye nguo.

Ndivyo ilivyo kwa F5. Vinyweleo vile havishiki popote. Vinatafuta aina fulani ya mafuta yenye sukari iliyo juu ya seli za utumbo. Sehemu hizo za kushikia huitwa vipokezi. Ndama aliyezaliwa leo ana vipokezi vingi: utumbo wake ni sweta ya sufu. Kadiri siku zinavyopita, seli za utumbo hubadilika na vipokezi hupungua. Akifika siku ya nne au ya tano, utumbo wake umekuwa koti la plastiki. Bakteria yuleyule akiingia wakati huo, kwa kawaida hupita tu.

Ndiyo maana uharisho wa aina hii hutokea zaidi katika siku nne za kwanza. Kuna sababu nyingine ya udhaifu wa siku hizo: tumbo la nne la ndama aliyezaliwa sasa hivi halijawa na asidi kali, kwa hivyo bakteria waliolambwa pamoja na tope la chuchu huvuka wakiwa hai hadi kwenye utumbo mwembamba. Wanaanza kushika upande wa mwisho wa utumbo huo, ambako asidi ni kidogo, kisha wanapanda.

Baada ya kushika

Kushika peke yake hakuui. Bakteria akishatulia ukutani, hutoa sumu, na kwa sababu amekaa pua kwa pua na seli, sumu yote inaingia pale pale. Sumu hiyo haichomi seli wala haiitoboi. Inachofanya ni kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani usiku, akafungua mfereji wa maji na kuuacha wazi. Seli huanza kumwaga chumvi ndani ya utumbo bila kukoma, na maji ya mwili huifuata chumvi hiyo.

Ndama wa kilo 35 anaweza kupoteza sehemu moja kwa kumi ya uzito wake kwa siku moja, yaani karibu lita tatu na nusu za maji. Damu inakuwa nzito, na asidi inazidi ndani yake. Miguu na masikio yanapoa, macho yanazama, na hamu ya kunyonya inaisha. Kinachomuua ni kukaukiwa na maji na chumvi.

Habari njema imo ndani ya habari hiyo mbaya. Kwa kuwa ukuta wa utumbo haujabomoka, njia ya kufyonza maji bado ipo. Jambo hilo lina faida kubwa, kama itakavyoonekana mbele.

Siri hii iligunduliwaje

Elimu hii ilianzia kwa nguruwe. Mwaka 1961 wanasayansi Ida Ørskov na Frits Ørskov wa Copenhagen, pamoja na wenzao, walieleza kitu cha pekee kilicho juu ya E. koli waliotoka kwa nguruwe wagonjwa, wakakiita K88. Miaka kumi baadaye, mwaka 1971, Williams Smith na Margaret Linggood wa Uingereza walifanya jaribio rahisi lenye jibu kubwa. Walichukua bakteria wanaougonjesha utumbo wa vitoto vya nguruwe, wakawanyang'anya K88 tu. Sumu ilibaki, lakini bakteria wale hawakuweza tena kuleta uharisho kama kwanza. Waliporudishiwa K88, ugonjwa ukarudi. Ikadhihirika kwamba sumu bila kushika haifiki mbali.

Mwaka 1975 watafiti wengine wa Uingereza wakaonyesha upande wa pili. Baadhi ya nguruwe wamezaliwa bila vipokezi vya K88, na sifa hiyo wanairithi kwa wazazi wao. Nguruwe hao hawapati ugonjwa huo hata bakteria wakiingia, kama mtu aliyevaa koti la plastiki tangu kuzaliwa. Wafugaji wa nguruwe wajue kwamba kwao hatari haiishi wiki ya kwanza: vipokezi vya K88, ambayo sasa huitwa F4, hubaki hata baada ya vitoto kuachishwa kunyonya. Ndiyo maana uharisho huwapata tena katika siku zinazofuata kuachishwa.

Kwa ndama, mafunzo ni mawili. La kwanza, bakteria akizuiwa kushika, vita vimekwisha kabla ya kuanza. La pili, siku ambazo anaweza kushika ni chache. Swali linalobaki ni nani atakayefika kwanza kwenye ukuta wa utumbo: bakteria au kinga.

Mlango unaofungwa usiku

Mtoto wa binadamu huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama yake akiwa tumboni. Ndama hana bahati hiyo. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, kwa hivyo ndama huzaliwa karibu bila kinga yoyote dhidi ya magonjwa ya boma. Kinga yake yote imewekwa kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya mkamuo wa kwanza.

Dang'a hufanya kazi mbili. Kwanza, kingamwili zake hupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Lakini utumbo unaruhusu hivyo kwa muda mfupi tu. Mlango uko wazi kabisa ndama anapozaliwa, huanza kufungwa baada ya saa chache, na baada ya saa 24 umefungwa. Ndama aliyezaliwa saa tatu usiku anatakiwa awe ameshiba dang'a kabla ya saa tisa usiku. Anayesubiri hadi saa kumi na mbili asubuhi amekwisha kupoteza saa tisa, na zilikuwa saa bora kuliko zote.

Pili, kingamwili zinazobaki ndani ya utumbo huvishika vinyweleo vya bakteria. Rudi kwenye mfano wa kishona nguo: mbegu iliyojaa tope kwenye ncha zake hainasi tena hata kwenye sufu. Bakteria aliyefunikwa na kingamwili huchukuliwa na mkondo na kutoka. Kwa sababu hii ni vizuri ndama aendelee kupewa maziwa ya mama yake siku tatu au nne za mwanzo, ingawa mlango wa kwenda kwenye damu umeshafungwa.

Chanjo ya ugonjwa huu nayo hufuata njia hiyohiyo. Hapigwi ndama, kwa kuwa hana muda wa kujitengenezea kinga. Anachanjwa mama akiwa na mimba kubwa, wiki kadhaa kabla ya kuzaa, ili dang'a yake iwe na kingamwili nyingi dhidi ya F5. Boma linalopoteza ndama mwaka baada ya mwaka katika siku za mwanzo lina sababu ya kuzungumza na daktari wa mifugo kuhusu chanjo hiyo mapema, kabla ng'ombe hajakaribia kuzaa. Hata hivyo chanjo isiyofuatwa na dang'a kwa wakati ni pesa iliyomwagwa, kwa maana kinga itabaki kwenye kiwele.

Usiku wa kuzaa

Kazi huanza kabla ya uchungu. Ng'ombe azalie mahali pakavu, penye nyasi kavu au mabua yaliyobadilishwa, pasipolala ng'ombe wengine. Ndama akisimama hutafuta chuchu kwa kulamba kila kitu: mguu wa mama, ubavu, kiwele. Kiwele kikiwa na samadi, chakula chake cha kwanza ni samadi, na bakteria wameshatangulia. Kiwele na chuchu zioshwe kwa maji safi yenye uvuguvugu na kukaushwa kwa kitambaa safi kabla ndama hajagusa. Kitovu kichovywe kwenye dawa ya ayodini.

Kipimo cha dang'a ni sehemu moja kwa kumi ya uzito wa ndama, ndani ya saa sita. Ndama wa kilo 30 apate lita tatu, wa kilo 40 apate lita nne. Si lazima ziwe kwa mara moja. Anaweza kupewa lita mbili mara tu anaposimama na zilizobaki baada ya saa mbili au tatu. Kisha apewe lita mbili nyingine kabla ya saa kumi na mbili kupita tangu azaliwe.

Ndama anayeachwa na mama yake huonekana ananyonya, lakini hakuna anayejua amemeza kiasi gani. Kiwele kikubwa kinachoning'inia humsumbua ndama mdogo, na mtamba aliyezaa mara ya kwanza mara nyingine humpiga teke. Njia ya uhakika ni kukamua, kupima kwa jagi, na kumnywesha kwa chupa yenye chuchu iliyooshwa vizuri. Ndama asinyweshwe akiwa amelala ubavu, wala maziwa yasimiminwe kwa nguvu mdomoni, kwa sababu yataingia mapafuni.

Wako wafugaji wanaosubiri kondo la nyuma litoke ndipo waruhusu ndama anyonye. Desturi hiyo ina madhara. Kondo linaweza kuchukua saa nyingi, na mlango wa utumbo haulingojei. Isitoshe, ndama anaponyonya humsaidia mama kubana tumbo la uzazi. Hakuna sababu ya kungoja.

Wengine huona dang'a ni nyingi wakaimwaga au kumpa mbwa. Dang'a haipokelewi kwenye chama cha ushirika wala kwa mwenye kiwanda, na haifai kuchanganywa na maziwa ya kuuza. Sokoni haina bei. Inayo kazi moja tu, na kazi hiyo iko ndani ya boma lenyewe. Inayozidi ihifadhiwe. Ndani ya friji hukaa siku mbili. Ikigandishwa kwenye friza, katika chupa za lita moja moja, hukaa mwaka mzima, na itamwokoa ndama ambaye mama yake amekufa au hana maziwa. Iyeyushwe kwa kuitumbukiza chupa kwenye maji ya moto yanayovumilika kwa mkono. Isichemshwe, maana moto mkali unaziharibu kingamwili. Asiye na friza anaweza kuelewana na jirani mwenye friza. Dang'a ya kuazimwa itoke kwa ng'ombe anayejulikana kuwa na afya, asiyewahi kutupa mimba.

Ndama akishaanza kuharisha

Umri wa ndama humsaidia mfugaji na daktari kukisia adui. Siku ya kwanza hadi ya nne, E. koli mwenye F5 ndiye wa kushukiwa kwanza. Kuanzia siku ya tano hadi wiki ya pili, mara nyingi ni virusi vya rota au korona vya ng'ombe, au kijidudu kiitwacho kriptosporidia. Hawa hawafungui mfereji tu, wanabomoa ukuta wenyewe. Baada ya wiki tatu, koksidia huanza kuonekana. Salmonela anaweza kuja wakati wowote, na mara nyingi huleta homa na damu kwenye kinyesi. Wakati mwingine wawili hushirikiana: virusi vya rota vikiingia mapema, E. koli anaweza kuendelea kusumbua hata baada ya ile wiki ya kwanza.

Kwa aina zote hizo, jambo la kwanza ni lilelile: rudisha maji na chumvi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa mpakani mwa India na kipindupindu kikazuka kambini. Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika mishipani, akawapa wagonjwa maji ya kunywa yaliyochanganywa na glukosi na chumvi, na vifo vikapungua sana. Sumu ya kipindupindu nayo hufungua mfereji wa seli bila kubomoa ukuta. Mfereji ukiwa wazi, glukosi na chumvi zikiwa pamoja hupita mlango mwingine wa seli na kuvuta maji kuyarudisha mwilini. Ndama mwenye E. koli anaokolewa kwa njia hiyohiyo.

Kilicho bora ni unga wa maji ya ndama unaouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, uchanganywe kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Ukiwa haupo na usiku umeingia, mfugaji anaweza kuchanganya lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu, vijiko viwili vya mezani vilivyojaa vya unga wa glukosi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na nusu kijiko cha chai cha magadi ya kuokea, yaani bikaboneti ya soda. Unga wa hamira au wa kuumulia keki hauchukui nafasi yake. Mchanganyiko huu ni wa kuvukia usiku tu, mpaka msaada ufike.

Hapa pana kosa linalofanywa na watu wenye nia njema: kutumia sukari ya chai badala ya glukosi. Kwa mtoto wa binadamu sukari inafaa. Kwa ndama mchanga haifai, kwa sababu utumbo wake hauna kimeng'enya cha kuivunja sukari hiyo. Itabaki ndani, itachachuka, na kuongeza uharisho. Unga wa glukosi hupatikana hata madukani mwa kawaida.

Ndama apewe lita moja hadi mbili kila mara, mara mbili au tatu kwa siku, katikati ya nyakati za maziwa. Maji hayo yasichanganywe na maziwa, na ziachwe angalau saa mbili kati ya kimoja na kingine. Maziwa nayo yasikatwe kwa siku nzima, kwani ndama asiyekula hana nguvu ya kupigana wala ya kujipasha joto katika baridi ya nyanda hizi za juu. Akaushwe, alazwe kwenye nyasi kavu nyingi, mbali na upepo na mbali na ndama wengine.

Daktari wa mifugo aitwe mara moja ndama akiwa na dalili hizi: amekataa kunyonya, hawezi kusimama, mdomo wake ni baridi ukitia kidole, macho yamezama, au ngozi ya shingo ikivutwa inachukua zaidi ya sekunde mbili kurudi. Ndama wa namna hiyo anahitaji maji ya mishipani, na kila saa ina thamani.

Kuhusu dawa za kuua bakteria

Wengi hukimbilia antibiotiki kwanza. Antibiotiki haiui virusi vya rota wala korona, na haimuui kriptosporidia. Ndama aliyekaukiwa na maji akipigwa sindano bila kunyweshwa, anaweza kufa akiwa na dawa mwilini. Ipo nafasi ya antibiotiki, hasa ndama akiwa na homa, damu kwenye kinyesi, au dalili kwamba bakteria wameingia kwenye damu. Lakini uamuzi huo ni wa daktari au mhudumu wa mifugo aliyesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2011.

Dawa inapotumiwa ovyo, kipimo kikikatwa nusu au dozi ikiachwa katikati, bakteria wanaobaki ni wale walioizoea. Wanaweza kuwapa bakteria wengine uzoefu huo, hata wale wanaowapata watu. Mwaka 2017 Kenya ilizindua mpango wa kitaifa wa kukabiliana na usugu wa dawa, na mpango huo ulihusu mifugo pamoja na binadamu, kwa sababu boma na nyumba vina ua mmoja.

Kwa sababu hiyohiyo, anayemhudumia ndama anayeharisha aoshe mikono kwa sabuni na maji kabla ya kugusa chakula au mtoto. Kriptosporidia na salmonela huvuka kutoka kwa ndama kwenda kwa watu, na watoto wadogo ndio huumia zaidi. Chupa, ndoo na buti zilizotumika kwa ndama mgonjwa zisipelekwe kwa ndama mzima kabla ya kuoshwa. Ndama wazima wahudumiwe kwanza, wagonjwa mwisho.

Neno la mwisho

Mfugaji hawezi kuwamaliza E. koli wote katika boma. Wapo kwenye samadi, kwenye maji ya matope, na ndani ya ng'ombe wenye afya kabisa. Anachoweza ni kumzuia bakteria asishike katika zile siku chache ambazo utumbo wa ndama ni sweta ya sufu. Silaha ya kufanya hivyo haiuzwi Eldoret wala Nairobi. Imo kwenye kiwele cha mama, na nguvu yake inapungua kila saa inayopita.

Kwa hivyo ng'ombe akikaribia kuzaa, chupa ya kunyweshea iwe imeoshwa na kuwekwa tayari, tochi iwe na betri, na ijulikane nani wa nyumbani atakayeamka. Ndama akizaliwa saa tatu usiku, mtu huyo asilale kwanza. Aoshe kiwele, akamue, apime lita tatu, amnyweshe. Atarudi kitandani amechelewa, na ndama atakuwa na kinga kabla ya saa tisa.

Maswali zaidi kuhusu afya ya ndama yapelekwe kwa afisa wa mifugo wa wadi au daktari wa mifugo aliye karibu.